Jina Moja, Sura Nyingi

Maji, barafu na mvuke ni kitu kimoja, na kila mtoto aliyekaa shuleni miaka minne au mitano hulijua jambo hilo. Walakini hapana mtu mwenye akili timamu atakayekuambia kwamba kunywa maji na kuunguzwa na mvuke ni mamoja, ati kwa sababu jina la vitu hivyo katika kemia ni moja. Msomaji, uushike mfano huu mdogo, ingawa mimi mwenyewe nauona ni mfano hafifu. Maana barafu hurudi kuwa maji ikipata joto kidogo, bali mambo nitakayokusimulia hayarudi upesi hivyo.

Elementi moja, kama vile chuma au zebaki, yaweza kukaa mwilini mwa kiumbe katika sura nyingi. Mara huwa peke yake. Mara huwa imepungukiwa na elektroni mbili au tatu. Mara huwa imeshikwa katikati ya molekuli kubwa, kama kito kilichoshikwa na pete. Wanakemia huziita sura hizo spishi, wakiazima neno la wataalamu wa wanyama na mimea. Mimi nitaziita sura, kwa kuwa neno hilo tunalo tangu zamani nalo latosha. Jina la elementi halibadiliki hata sura ikibadilika, lakini kazi yake mwilini hubadilika kabisa. Sura moja hulisha, nyingine huua, na nyingine huingia mwilini na kutoka bila kumgusa mtu, kama msafiri apitaye kijijini usiku.

Nataka kukueleza jinsi watu walivyojifunza, kwa taabu na kwa hasara, kuacha kuuliza, “Kuna nini humu?” na kuanza kuuliza, “Kimo katika sura gani?”

Tuanze hapa kwetu Kenya, katika mji wa Nakuru. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, walowezi waliotwaa ardhi ya Bonde la Ufa na kuweka mifugo yao huko waliona jambo la ajabu. Ng'ombe walisimama katikati ya nyasi nyingi na bado wakakonda. Manyoya yao yalikauka, mnyama akapoteza hamu ya kula, akadhoofu siku hata siku, mwisho akafa na malisho yako mbele yake. Wakihamishiwa malisho ya mahali pengine walipona. Wakirudishwa waliugua tena. Ugonjwa huo ukapewa jina la mji, ukaingia kwa jina hilo katika vitabu vya waganga wa mifugo. Huko New Zealand, Australia na Scotland ulikuwako ugonjwa kama huo, kila nchi ikiuita kwa jina lake, wala hapana aliyejua kwamba magonjwa hayo yote ni mamoja.

Damu ya wanyama hao ilikuwa hafifu. Damu hafifu, watu walisema, ni upungufu wa chuma. Kwa hiyo wafugaji wa New Zealand waliwalisha wanyama wao udongo wa manjano wenye chuma kingi, uitwao limonaiti, na wanyama wakapona. Shauri likaonekana limekwisha. Lakini walikuwako watu wachache wasioridhika upesi, na watu wa namna hiyo ndio ninaowapenda zaidi katika historia ya sayansi. Waliona kwamba limonaiti ya mahali hapa iliponya kwa kiasi kidogo, na ya mahali pale kwa kiasi kikubwa, na kwamba wingi wa chuma ndani yake haukulingana na nguvu ya dawa. Katika Australia ya Magharibi, Underwood na Filmer waliiondoa chuma yote katika limonaiti, wakawapa wanyama kile kilichobaki. Wanyama wakapona vile vile. Basi chuma haikuwa dawa kamwe. Ilikuwa imesimama tu karibu na dawa na kupewa sifa zisizo zake. Wakaendelea kutenga kilichobaki sehemu baada ya sehemu, mpaka mwaka wa 1935 wakafika kwenye kobalti. Mwaka huo huo, Marston na Lines wa Australia ya Kusini walifika mahali hapo hapo kwa njia yao wenyewe.

Kiasi kilichotakiwa kilikuwa kidogo mno: kiasi cha sehemu moja ya kumi ya miligramu katika kila kilo ya nyasi kavu. Ukosefu wa chembe hizo ndio uliokuwa ukiangusha ng'ombe mzima.

Labda, msomaji, ungetazamia hadithi iishe hapo. Haikuisha, kwa kuwa fumbo jingine lilitokea. Mnyama akimeza kobalti hupona. Akidungwa kobalti ile ile kwa sindano hapati nafuu. Kitu ni kile kile, mnyama ni yule yule, mlango tu ndio uliobadilika. Yawezekanaje dawa ifae kinywani isifae katika damu, ambako ndiko kwenye ugonjwa?

Jibu lilikuja kwa njia ya mbali. Kulikuwa na ugonjwa wa binadamu wa upungufu wa damu uliokuwa ukiua bila huruma, nao ulitulizwa kwa kula maini. Minot, Murphy na Whipple wa Marekani walipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1934 kwa kazi hiyo. Watu wakayasaka maini hayo miaka mingi wajue kilichomo. Mwaka wa 1948 wataalamu wa Marekani na wa Uingereza, kila upande peke yake, walitoa katika maini fuwele ndogo nyekundu, nazo zikaitwa vitamini B12. Kisha Dorothy Hodgkin wa Oxford alizipiga fuwele hizo mionzi ya eksirei, na baada ya miaka ya hesabu ngumu akapanga mahali pa kila atomu. Atomu zote ni 181. Katikati yao, imezungushiwa nyingine kama mfalme katika baraza, iko atomu moja tu ya kobalti. Hodgkin alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1964.

Sasa fumbo likafunguka. Ng'ombe mwenyewe hana kazi na kobalti tupu. Anachohitaji ni vitamini, na vitamini hiyo hutengenezwa na vijidudu visivyohesabika viishivyo katika tumbo lake kubwa. Vijidudu ndivyo vinavyoitaka kobalti. Ukiitia katika damu, umewapita mafundi waliokuwa wakiingojea kiwandani. Mwaka wa 1951 ilithibitika kwamba kondoo mwenye upungufu wa kobalti akidungwa vitamini B12 yenyewe hupona.

Sisi binadamu hatuna tumbo la namna hiyo. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 2.4 tu za vitamini hiyo kila siku, naye huipata katika nyama, maziwa, mayai na samaki, yaani katika kazi iliyokwisha kufanywa na vijidudu. Kobalti ya chumvi haiwezi kumfaa badala yake. Huko Quebec, katika Kanada, viwanda vya bia viliwahi kutia chumvi ya kobalti katika bia ili povu lake likae. Mwaka wa 1965 na 1966 wanywaji wakubwa wa bia hiyo walianza kuugua moyo; walioonekana ni 48, na 20 kati yao wakafa. Ndani ya miili ya watu wale kobalti ilikuwako nyingi. Mwanafunzi aliyezoea kukariri kwamba “kobalti ni muhimu kwa damu” na ayatazame makaburi ya Quebec, kisha aniambie ni kobalti ipi.

Mimi ni mwalimu wa shule, na habari hizi ningaliziacha zikae katika vitabu kama jambo moja halikunijia hadi mlangoni. Mwaka wa 2019 shangazi yangu, ambaye huuza kamba na samaki katika pwani ya kaskazini ya Malindi, aliniita kwa simu akiwa na huzuni. Wateja wake walikuwa wamemkimbia. Karatasi ilikuwa ikizungushwa kutoka simu hadi simu, ikisema kwamba kamba wa baharini wana sumu ya aseniki, tena mara mamia kuliko kiasi kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa.

“Shikamoo, shangazi,” nilimwambia. “Karatasi hiyo nimeiona.”

“Marahaba, mwanangu. Basi niambie, ni uongo?”

Hapo ndipo palipokuwa na taabu, msomaji, kwa sababu hesabu za karatasi ile hazikuwa uongo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za aseniki katika lita. Kamba wa baharini waweza kuwa na miligramu kadhaa katika kilo moja, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Mtu aliyeandika karatasi alijua kugawanya. Kitu asichokijua ni sura.

Mwaka wa 1977, wataalamu wa Australia ya Magharibi waliichambua nyama ya kambakoche wakakuta kwamba aseniki iliyomo, karibu yote, imefungwa ndani ya molekuli iitwayo asenobetaini. Molekuli hiyo huliwa, huingia katika damu, na baada ya siku chache hutoka katika mkojo ikiwa nzima kama ilivyoingia. Kamba, samaki na kaa wa bahari huwa nayo kwa namna hiyo hiyo. Aseniki ya visimani ni nyingine. Katika Bangladesh, tangu miaka ya 1970, visima vya mabomba vilichimbwa kwa mamilioni ili watu waache maji machafu ya madimbwi, na nia ilikuwa njema. Mwaka wa 1993 ikagunduliwa kwamba maji ya visima vingi yana aseniki tupu itokayo katika udongo wa chini. Watu makumi ya milioni walikuwa wamekwisha kuyanywa kwa miaka. Ngozi zikatokwa na madoa na sugu, na saratani za ngozi, kibofu na mapafu zikafuata. Ukipima jumla tu, basi kitoweo cha shangazi yangu chaonekana kibaya kuliko kisima kile, na ukweli ni kinyume chake.

Yafaa niseme haraka kwamba bahari nayo haina cheti cha usafi. Uko mwani mweusi wa Kijapani uitwao hijiki ambao hubeba aseniki ya sura mbaya, na mwaka wa 2004 serikali ya Uingereza iliwashauri watu wake wasiule. Hivyo huwezi kusema, “Cha baharini ni salama, cha kisimani ni hatari,” ukaenda zako kulala. Kila kitu chataka kuulizwa chenyewe.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali lililo bora kuliko mengi niliyopata kuulizwa darasani: “Nanyi mwazijuaje hizo sura, na macho hayazioni?”

Njia ya zamani ya kupima ilikuwa kuichemsha nyama au nafaka katika asidi kali mpaka ibaki maji matupu, kisha kuhesabu aseniki yote iliyomo. Njia hiyo ni nzuri kwa kupata jumla, nayo ingali ikitumika. Lakini ni kama kuichoma barua ili upime uzito wa majivu yake: utajua karatasi ilikuwa nzito kiasi gani, wala hutajua iliandikwa nini. Asidi huzivunja sura zote zikawa moja.

Njia mpya huanza kwa upole. Nyama husagwa, sura zake zikavutwa nje kwa maji au pombe pasipo kuzivunja, kisha mchanganyiko ukasukumwa ndani ya bomba jembamba lililojazwa chembe za unga maalumu. Fikiri watu watano wakipita sokoni. Mmoja husimama kila penye kibanda, mwingine hupenda mahali pa nguo tu, mwingine hana haja na chochote naye hupita moja kwa moja. Waliingia pamoja, watatoka kila mtu na dakika yake. Ndivyo zifanyavyo molekuli: zile zinazopenda chembe za unga huchelewa, zisizozipenda huwahi. Kazi hii huitwa kromatografia.

Kila sura itokapo mwishoni mwa bomba hupokewa na mwali wa gesi ya agoni ulio moto kupita uso wa jua. Humo molekuli husambaratika, na atomu zake hupokonywa elektroni, zikapelekwa kwenye chombo kinachozitenga kwa uzito na kuzihesabu moja moja. Chombo hicho chaweza kuiona sehemu moja katika sehemu trilioni. Atomu ya aseniki ina uzito wa 75. Dakika ya pili chombo kikipiga kelele “sabini na tano!”, na dakika ya sita kikipiga tena, twajua kwamba aseniki imo katika sura mbili, na twajua kila moja ni kiasi gani.

Hapa pana mtego nipendao kuwaonyesha wanafunzi. Gesi ya mwali ni agoni, yenye uzito wa 40. Chumvi ya kawaida ina klorini, na klorini iliyo nyingi ina uzito wa 35. Jumlisha. Agoni na klorini zikishikana katika mwali huwa na uzito wa 75, nazo hujiita aseniki bila haya. Kamba wana chumvi. Mkojo una chumvi. Mpimaji asiye mwangalifu aweza kuikuta aseniki mahali isipokuwapo, na mashine ya thamani kubwa ikamsaidia kusema uongo.

Tena mwali huo, kwa kuwa huvunja kila kitu, hauwezi kueleza molekuli ilikuwa nani. Hujua kwamba aseniki ilipita dakika ya sita, lakini haujui ilikuwa imevaa nini. Kwa hiyo huitwa shahidi wa pili. John Fenn wa Marekani alionyesha namna ya kuzirusha molekuli kubwa hewani zikiwa nzima, kwa kuzitoa katika sindano yenye umeme mkali hata zikawa ukungu, maji yakakauka zikabaki peke yake. Alishiriki tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2002 kwa kazi hiyo. Shahidi wa kwanza husema elementi ni ipi na ni kiasi gani. Wa pili husema molekuli nzima ina uzito gani na imeundwaje.

Mpaka hapa nimesema habari za mvuvi wa mshipi, ajuaye samaki anayemtaka. Lakini tangu jenomu ya binadamu, yaani orodha ya urithi wetu wote, ilipotangazwa kukamilika mwaka wa 2003, sayansi imependa kuvua kwa juya. Juya huzoa kila kilichomo. Wanaosoma jeni zote kwa pamoja huiita kazi yao jenomiki. Wanaosoma protini zote, proteomiki. Wanaosoma molekuli ndogo zote za mwilini, kama sukari, asidi na mafuta, metabolomiki. R. J. P. Williams wa Oxford alileta neno metalomu mwaka wa 2001, na Hiroki Haraguchi wa Japani akapendekeza metalomiki mwaka wa 2004, kuwa elimu ya metali zote na sura zake zote ndani ya kiumbe. Jambo hili si dogo, kwa sababu yapata theluthi moja ya protini zijulikanazo haziwezi kufanya kazi bila metali fulani kukaa ndani yake.

Wazo lenyewe ni la busara. Kisa cha Nakuru kilichukua miaka mingi kwa kuwa watu walikuwa na mshipi mmoja, nao ulikuwa na chambo cha chuma. Lau wangalikuwa na juya, wangaliziona metali zote za nyasi nzuri na za nyasi mbaya kwa siku moja, wakaiona kobalti imepungua. Na lau wangaliitazama damu nzima, wangaliona vitamini imepungua nayo.

Lakini juya halileti samaki watupu. Huleta majani, mawe, na viumbe ambavyo hata wavuvi wazee hawavijui majina. Tone la damu katika mashine hizi hutoa alama maelfu kwa maelfu, na nyingi kati yao hazina jina bado, ingawa wataalamu wa Alberta, Kanada, walianza mwaka wa 2007 kuweka hadharani orodha ya molekuli za mwili wa binadamu, nayo sasa ina zaidi ya laki mbili. Tena kuna hatari ya hesabu, nami nakuomba uishike kalamu uihakikishe. Tuseme umewapima wagonjwa ishirini na wazima ishirini, na umepata alama 2,000. Ukikubali kuiita tofauti kila alama ambayo bahati peke yake ingeileta mara moja tu katika ishirini, basi hata kama wagonjwa na wazima hawatofautiani kabisa, utapata alama kama 100 za uongo. Mtu akichukua moja katika hizo akaitangaza magazetini kuwa chanzo cha ugonjwa, atapata sifa kwa wiki moja. Ndiyo maana wenye kazi hii walio waaminifu hurudia kipimo kwa watu wengine, mahali pengine, kabla hawajafumbua kinywa.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Katika Nairobi, taasisi ya utafiti wa wadudu iitwayo icipe, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, iliikusanya harufu ya kuro, mnyama ambaye mbung'o hampendi, ikaitenga molekuli kwa molekuli, na zile zinazomfukuza mbung'o zikatiwa katika vifuko vinavyofungwa shingoni mwa ng'ombe. Aliyeitenga harufu ile alifanya kazi ile ile ya sokoni niliyokueleza.

Walakini mahali ninapoona haja kubwa zaidi ni Migori. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko huchanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha huichoma zebaki ili dhahabu ibaki. Zebaki hiyo moja huwa na sura tatu kabla ya mwaka kwisha. Ikiwa kimiminika, mtu akaimeza, sehemu kubwa hutoka tumboni bila kunyonywa. Ikiwa mvuke wa pale motoni, huingia mapafuni, ikafika katika damu na ubongo. Ikishuka mtoni na kulala katika tope, vijidudu huigeuza kuwa methili-zebaki, ikaingia katika dagaa, kutoka dagaa ikaingia katika samaki mkubwa, ikizidi kila hatua, mwisho ikafika sahanini mwa mama mjamzito ambaye hajapata kuliona shimo la dhahabu. Methili-zebaki ndiyo iliyowapooza na kuwalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka wa 1956. Ilitoka katika maji taka ya kiwanda, ikapitia samaki. Na iko sura ya nne, iliyo mbaya kuliko zote, ambayo hupatikana katika maabara. Mwezi wa Agosti 1996, Profesa Karen Wetterhahn wa Marekani alidondokewa na matone machache ya dimethili-zebaki juu ya glavu yake. Matone yalipenya. Mwezi wa Juni 1997 alifariki, naye alikuwa mtaalamu wa metali zenye sumu.

Sasa sikia jambo linalowagusa madaktari wetu. Mvuke wa zebaki huonekana katika mkojo. Methili-zebaki haionekani sana huko. Hutafutwa katika damu na nywele. Mchimbaji na mla samaki wakienda zahanati moja, wakapimwa mkojo wote wawili, mmoja ataambiwa anaumwa na wa pili ataambiwa ni mzima, kumbe wote wawili wanaumwa. Mashine haikukosa. Swali ndilo lililokosewa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniletea maji ya kisima cha kwao yapimwe aseniki. Yalikuwa katika chupa ya soda, nayo ilikuwa imekaa kabatini siku tatu, nusu yake hewa. Nikaiinua chupa mbele ya dirisha, naye akaona kutu ya manjano imetulia chini. Nilimweleza kwamba hewa imeigeuza chuma ya maji kuwa kutu, na kutu ikishuka huishika aseniki na kushuka nayo. Hata aseniki iliyobaki juu, hewa huitoa katika sura moja ikaitia katika nyingine. Maji yale hayakuwa tena maji ya kisima. Alirudi Jumatatu na chupa safi, imejazwa mpaka shingoni, imefungwa barabara, imezungushiwa barafu ndani ya kikapu, na kibandiko kimeandikwa siku na saa.

Hiyo ndiyo tuliyoipeleka. Kutenga sura kulikuwa na bei tusiyoiweza, kwa hiyo maabara ilipima jumla peke yake. Kijana alisikitika, lakini karatasi ilipokuja jumla ilikuwa chini ya mikrogramu 10 katika lita, na jumla ikiwa ndogo kiasi hicho, swali la sura huweza kungoja. Baba yake aliendelea kuyanywa maji yake.